Sala na Bomba la Uani

Mwalimu wa shule ya Jumapili ana udongo kwenye kucha hata akivaa gauni la kanisani, na sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku. Haanzi somo kabla hajaikagua miche ya watoto kwenye makopo, akiichokonoa kwa kidole. "Huu wa nani? Una kiu. Shamba ni la Mungu, mjukuu wangu, sisi ametuachia tulitunze tu."

Kinachomnyima raha ni bomba la uani. Likianza kudondoka katikati ya sala, hutoka huku anaomba, sauti ikififia mlangoni, akalikaza, kisha akarudi na "Amina" yake. Watoto hubana vicheko. Jumapili iliyopita goti lilimgomea. Matone yakaanza, naye akang'ang'ania kiti, akapaza sauti asiyasikie. Alikuwa bado anamshukuru Mungu kwa mito na mvua, uani kukawa kimya. Akafumbua jicho moja. Viti vyote vilikuwa vitupu, na kutoka kule bombani sauti nyembamba za watoto zikawa zinaimalizia sala yake, kila moja kwa mwendo wake, hadi mwisho.

"Amina," akaitikia, peke yake.