Mifuko ya Gofu Chumbani Kwangu

Gofu ni mchezo wa watu waliokosa shamba la kulima. Nasema hivyo na sijali nani atakasirika. Mtu mzima, ana gari, ana watoto shuleni, anaamka Jumamosi asubuhi kwenda kupiga kimpira kama yai la kuku, kisha anatembea kukifuata, akikifikia anakipiga tena kiende mbali naye. Redioni wanaiita gofu ya ridhaa, maana yake hakuna anayelipwa. Basi hasira ya nini? Nimemwona daktari, mtu wa kupasua matumbo ya watu na kuyashona, akitupa fimbo kwenye viazi vya jirani kwa sababu kimpira kilipita pembeni ya shimo.

Niliwajua kwa sababu ya ng'ombe wangu. Huku Rubavu ng'ombe hazururi, anakaa zizini na wewe ndiye unayemletea majani. Juu ya ziwa, njia ya kwenda Nyamyumba, kuna mteremko ambako wacheza gofu walichimba mashimo sita wakasimika vibendera. Wao wanataka majani yaondoke, mimi ninayataka. Tukaelewana: nikate pembeni, na nikikuta kimpira nikirudishe.

Nyumba yangu iko karibu na mpaka mdogo, ule wa watu wa miguu. Tangu niliporudi kutoka Tanzania kazi yangu ni kutunza mizigo. Mama anavuka kwenda Goma na nyanya, mzigo umemzidi, anaacha kikapu kwangu na jioni anakichukua. Kwa hiyo mkwe wangu, aliyemwoa binti yangu wa pekee na ana duka la vigae na misumari Goma, yeye huliita magazin, alinijia na ombi. Alifundishwa gofu na wazungu wa mashirika waliokuwa wakinunua mabati kwake, na kila Jumamosi walivuka pamoja kuja kucheza upande wetu. Lakini mfuko wa fimbo ni mrefu, na kila mara askari wa mpaka wanauliza ndani iko nini.

"Maman, utuwekee mifuko kwako," alisema.

Ndivyo mifuko sita ilivyosimama ukutani chumbani kwangu, kama wageni waliokataa kukaa.

Nieleze jambo moja. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaogopana. Anaponisalimia anainama, nami sipandishi sauti. Miaka saba hatukuwahi kubishana hata juu ya chumvi ya mchuzi.

Sasa habari za dunia. Vijana wa jirani wanapenda zile filamu za agasobanuye: Mchina anapigana, na Mnyarwanda anazungumza juu yake kukueleza anasema nini, na mara nyingi anaongeza ya kwake. Sizipendi. Lakini siku hizi habari za vita vinavyoisogelea Goma nazo ni hivyohivyo. Redio ya huku inazungumza juu ya picha, redio ya kule inazungumza juu ya picha ileile, na ndani ya simu kuna vijana ishirini wanasema kwa pamoja, mmoja wao akicheza dansi. Picha yenyewe nani ameiona?

Mimi niliiona kwa bega.

Jumamosi moja baada ya mchezo daktari alinirudishia mfuko wake. Nikaunyanyua. Nimebeba mizigo ya watu miaka mingi. Nifunge macho nitakuambia hii chumvi, hii sukari. Mfuko wa gofu uzito wake uko juu, kwenye vichwa vya fimbo, na ukiunyanyua fimbo zinagongana. Huu ulikuwa mzito chini, na ulikuwa kimya. Daktari hakunitazama. Alisema kwaheri huku amenipa mgongo.

Jumamosi iliyofuata ukawa kimya mfuko wa mwenye mafuta, mtu mnene anayeuza petroli kule Goma. Sikuwahi kufungua mzigo wa mtu. Ule niliufungua. Hapakuwa na fimbo hata moja. Kulikuwa na hati za kiwanja ndani ya plastiki, vyeti vya shule vya watoto, picha ya harusi iliyotolewa kwenye fremu yake, vitenge vya mke vimekunjwa vizuri, na Biblia ya nyumbani.

Watu wa Goma wanajua kitu gani kinabebwa kwanza. Mlima wao wa volkano uliwafundisha, umewamwagia moto zaidi ya mara moja. Lakini siku ya mlima walikimbia na vitu hivyo mikononi, wanalia. Huyu alivivusha mapema, kidogo kidogo, anasalimia watu njiani, bonjour, bonjour, kama mtu anayekwenda kucheza.

Nikaunyanyua mfuko wa mkwe wangu. Ulilia vizuri sana. Ndani yake fimbo, vimpira na glavu moja ya mkono mmoja.

Katikati ya juma dereva wa wazungu alikuja akabeba mifuko yao yote mitatu kwa mara moja, hata chai hakunywa.

Jumamosi nilitia kufuli mlango wa chumba, ufunguo nikauvaa shingoni, nikaketi kibarazani. Mkwe wangu alikuja na viatu vyeupe, mwenye mafuta nyuma yake.

"Mwaramutse, Maman."

"Mwaramutse. Mke wako yuko wapi?"

"Iko ku magazin. Jumamosi clients ni mingi."

"Na mtoto?"

"Iko na mama yake."

"Basi na mfuko wako uko na mimi."

Alicheka, akidhani ni mzaha wa wazee. "Bon, Maman, nipe. Leo njo finale."

"Nitampa atakayekuja na binti yangu."

"Maman, ni politique tu ile. Ata radio inasema iko calme. Kila mwaka banasema vita, vita, na tuko."

"Wenzako wanavusha vyeti vya watoto. Wewe unavusha viatu vyeupe."

Akamgeukia mwenye mafuta. "Grand, unasikia? Mwambie Maman."

Mwenye mafuta aliangalia kufuli, kisha chini. "Muache mama," alisema. "Ata mi sichezi leo. Mugongo inaniuma."

Mkwe wangu hakuelewa. Alisimama pale jirani zangu wakimtazama, wanawake wanapiga makofi ya mshangao kwamba mama mkwe amemfungia mkwe mlango. Akarudi Goma bila kuniaga.

Jumatatu asubuhi binti yangu alifika, mtoto mgongoni, ndala miguuni, kitambaa cha jikoni bado begani.

"Maman, nipe mufuko nirudi. Niliacha maharagi ku moto."

"Keti kwanza."

"Siketi! Unajua banamuita nani sasa? Banamuita eleve! Ati mama mukwe amemunyang'anya fimbo kama mutoto wa masomo. We ulipata wapi ile roho?"

"Kunywa uji. Natafuta ufunguo."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, chini ya nguo. Nilipekua kapu, nikapekua chini ya godoro, nikarudi kwenye kapu. Sitaficha hilo. Nilikuwa sina mpango wowote zaidi ya kuchelewesha. Alikuwa bado ananigombeza uliposikika mlio, kama mtu aliyeangusha bati zima kutoka juu. Likaanguka lingine. Bakuli la uji likatembea lenyewe juu ya meza.

Alikimbia na mtoto, mimi nyuma. Mpakani palikuwa pameshafungwa. Watu walikuwa wanakuja kwetu, hakuna aliyeruhusiwa kwenda. Simu yake ikalia, nami nikasikia sauti ya mkwe wangu, kwa sababu alikuwa anapiga kelele: "Bakia huko! Nafunga magazin, nakuja!"

Hatukumsikia tena.

Siku zilizofuata tulilala chini sakafuni, maana risasi zilianguka na upande wetu pia; ng'ombe alikaa bila majani akilia zizini. Kisha kukawa kimya, kimya kibaya, redio zote mbili zikisema kwamba maisha yamerudi.

Mwenye mafuta alikuwa amevusha watu wake Jumapili, siku moja kabla ya milio ile. Alikuja kuchukua mzigo wake na kilo mbili za sukari mkononi. Nilimrudishia sukari.

"Ulijua," nilimwambia. "Mwenzio alikuuliza mbele yangu. Mbona hukumjibu?"

"Mama, ukisema unaonekana muoga. Kila mutu alikuwa anamungojea mwingine aseme kwanza."

Hayo, watu kucheza ili wasionekane waoga, ndiyo maoni yangu ya mwisho juu ya gofu, na yeye ndiye aliyenipa.

Binti yangu alikula kidogo. Siku ya nne alisema kitu kimoja tu, akiwa ananyonyesha: "Ningekuwa kule angetoka na mimi. Peke yake alibakia kufunga milango." Nilimjibu kwamba angekuwa kule ningewakosa wote watatu. Labda. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sijui.

Walipofungua mpaka tulikwenda pale asubuhi. Mama mmoja muuza samaki, aliyetoka Goma muda huohuo, alituambia duka lilikuwa wazi, milango imeng'olewa, ndani hamna kitu wala mtu. Upande wa pili walisimama askari ambao nguo zao sizijui. Binti yangu alikaza kitenge.

"Niachie mtoto," nilimwambia. "Nenda uangalie, urudi. Mtoto abaki."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile.

"Maman, mi ulinizuia bila kuniuliza. Huyu hautamuzuia."

Akaingia kwenye mstari, mtoto mgongoni. Mbele yake walikuwa watu kama ishirini. Nilisimama pembeni nikiwaangalia wanavyopungua.