Nilivyotubia Rubisi Ambayo Sikuinywa

Sina haja ya kuficha, maana hata nikificha watu wa Igurwa wataisimulia vizuri kuliko mimi: nilijikojolea ukweni, siku ya kujitambulisha, nami mtu mzima, mwalimu, tena mlokole niliyeacha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mbele ya kanisa zima.

Ilianza Jumamosi kwenye michezo ya shule, nikajitia kuruka juu (hakuna aliyenituma, walimu wenzangu walikaa zao kivulini), nikaangukia matako kwenye gogo la ukingo badala ya mchangani, mgongo ukalia ka, miguu ikafa ganzi. Ningelala palepale yangeishia hapo. Lakini Koku, mchumba wangu, alikuwa anatazama, basi nikainuka nikichekacheka, nikaruka tena. Pumbavu kabisa.

Jumapili nikaamka sihisi hata ninapokalia, nikajiambia uchovu huo, nikapakiwa nyuma ya baiskeli ya rafiki kwa njia ile ya mawe mpaka kwa baba yake Koku. Nikaingia nikipepesuka. Nikapiga magoti kwenye nyasi mpya walizotandaza kwa heshima yangu, nikasema shikamoo tata, yaani baba, na kuinuka sikuweza. Kilichofuata sikukisikia mwilini, nilikiona machoni mwao, nilipotazama chini nyasi zimelowa.

"Umekunywa," mzee akasema taratibu, naye mlokole pia.

Nikakana. Wakaitwa ndugu wa uamsho wa jirani, walokole wenzetu, na hapo ndipo nilipochoka, kwa sababu kila nikitaja mgongo wanaimba, nikitaja miguu wanaomba, na mmoja akaniambia nitubu kwanza, mgongo baadaye. Jua likapinda tuko palepale. Mwishowe (hii ndiyo aibu yenyewe) nikaungama rubisi ambayo sikuinywa, ili tu waniache nilale. Wakashangilia, wakaninyanyua wanikumbatie, nikamwangukia mzee kifuani tukabiringika wote.

Koku, aliyetakiwa kukaa kimya kama mwali, akatoka bila ruhusa akamleta dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati. Yule dresa akanichoma nyayo kwa sindano, akauliza kama nasikia. Nikamuuliza, nasikia nini? Akawageukia akiwa amekasirika, akakataza nisikalishwe, nisikunjwe, akakataa na machela yetu ya kamba kwa kuwa inapinda mgongo, akaamuru mlango wa mzee ung'olewe nilazwe juu yake. Ndivyo nilivyopandishwa lori la kahawa kwenda hospitali kubwa ng'ambo ya mpaka wa Mutukula.

Njia nzima naogopa kisu, maana kwetu ilisemwa aliyepasuliwa mgongo hatembei tena. Jumatatu daktari akanieleza kwamba migongo mingi hupona kwa kupumzishwa, haihitaji kupasuliwa, ila miguu ikilegea na mkojo ukitoka wenyewe hakuna kungoja: gegedu limetoka kati ya pingili linabana mishipa ya fahamu, na kisu kinaondoa kinachobana, mishipa mipya hakileti. Akauliza mkojo umeanza lini. Nikasema jana asubuhi.

"Na jana kutwa mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa natubu."

Akanitazama, akaenda kunawa mikono anipasue.

Natembea, na Koku alinikubali. Mguu wa kushoto haukurudi, naukokota mpaka leo. Siku hizi nikiumwa hata kidole natangaza, watu wanione mdekaji wapendavyo. Dhambi niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa moja, kuona haya kusema naumia, na hiyo hakuna aliyeniuliza.