Kamba ya Ziwani

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mji mmoja wa Ulaya. Zamani watu walichimba madini pale. Sasa migodi imefungwa, na wageni wanakuja kuteleza kwenye theluji wakiwa na mbao miguuni. Nilicheka sana, maana nilikumbuka alasiri yangu ya kwanza Bukavu.

Mimi na papa, yaani baba yangu, tulikuwa tumetoka Mwenga, ambako alichimba dhahabu. Tuliketi kando ya ziwa tukila mahindi ya kuchoma. Mara tukasikia harufu ya petroli, boti ya injini ikapita ikinguruma, na nyuma yake Mzungu amesimama juu ya maji, mbao miguuni, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boti.

Mimi sikuona mchezo. Kule mgodini, mtu aliyevutwa kwa kamba alikuwa anatolewa shimoni, na sisi watoto tulipiga makofi mpaka miguu yake ikanyage juu. Basi nikaruka, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

"Papa, banamutosha! Iko muzima!" nikapaza sauti, kwamba wanamtoa, yu hai.

Halafu, mbele yetu kabisa, yule Mzungu akaiachia kamba, akazama. Nikapiga yowe. Kule kwetu, aliyeachia kamba hakuonekana tena.

Kichwa kikaibuka, kikicheka.

"Iko mu kucheza tu, mutoto yangu," papa akaniambia.

Lakini naye alikuwa amekwisha kusimama. Hindi lake lilikuwa limeanguka chini, na mikono yake miwili ilikuwa imefumbata kwa nguvu kamba ambayo haikuwepo.