Machozi Niliyoyafuta kwa Brashi

Mwanangu, naikumbuka siku moja ya mwaka 1992, hapa Kigali, niliyojiona fundi kuliko mafundi wote. Nilikuwa nachora mabango ya maduka Nyamirambo, na dada yangu Zaina, ndugu pekee niliyekuwa naye, alikuwa ameolewa wiki ile. Alilia sana alipoagwa nyumbani, kama mabibi harusi wa kwetu wanavyolia. Nikamchora kwa kuangalia picha iliyopigwa siku hiyo, ila machozi nikayaondoa, nikampa tabasamu la kalenda.

Zaina akaitazama weee. "Kaka, iko muzuri. Lakini huyu ni nani?" Akaniachia mchoro wangu, akaenda zake.

Nikanuna. Nikaipeleka kwa Mzee Gaspard, mwalimu wa kuchora aliyesomea Moscow, nikitaka sifa. Akafungua kitabu cha michoro ya Warusi wa karne ya kumi na tisa. Katika mmoja, bibi harusi amepiga magoti, baba yake anambariki kwa mkate na picha ya mtakatifu. Macho mekundu, pua imevimba, viatu vya wageni vina matope.

"Kule pia binti analia akiaga kwao, ni mila," akasema. "Wachoraji hawa walichoka kupamba watu, wakachora walichokiona. Wewe machozi ya dada yako yalikutia haya? Mwana wangu, rudia, dada yako bado iko hapa karibu."

Nikasema nitarudia Zaina akija kututembelea. Alikuja mara mbili, nikamwambia nina mabango ya watu. Kisha yakaja mauaji ya 1994. Hapo sina la kukueleza. Zaina hakubaki, mama hakubaki, na albamu yenye ile picha ya harusi iliteketea pamoja na nyumba. Mchoro wangu ulipona kwa kuwa ulikuwa karakanani kwangu.

Upo ukutani mpaka leo. Kila asubuhi nakunywa chai peke yangu, natazamana na mwanamke anayecheka nisiyemjua. Uso wa Zaina akilia unanijia vipande vipande tu, havitoshi kuuchora tena. Upweke huo niliuchora mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimpenda mtu mpokee alivyo, na pua yake iliyovimba. Usimpambe mpaka ukampoteza. Na akikuhitaji leo, usimwambie kesho. Mungu akujalie nyumba yenye watu, na akuachie wa kuukumbuka uso wako sawasawa.