Gari Mbili na Kiapo cha Kona

Mimi gari sikusomea chuo. Nilisomeshwa kwa spana. Fundi aliyenifunza alikuwa na gereji Ng'ambo, chini ya mabati matupu, na kila nilipofunga nati vibaya alinipiga kwa spana ile ile niliyofungia. Jino langu moja la chini lilibaki pale sakafuni, ndani ya mafuta machafu, siku niliyosahau kukaza bomba la breki. Nililitema nikaendelea na kazi. Skuli niliiacha darasa la tano, na leo nina yadi yangu ya gari Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Ukutani hapana cheti hata kimoja, na wenye vyeti vyao huja kwangu kuuliza wanunue nini.

Wanachoniulizia sana ni vile vigari vifupi vya mbio, visivyo na mkia, vinavyokuja kutoka Japani vikiwa vimeshatumika. Ukiviona unafikiri ni gari za kupelekea watoto skuli. Fungua boneti uone. Mimi navijua kuliko mtu yeyote katika kisiwa hiki, na nasema hivyo bila ya kujisifu, maana hata wanaonichukia wanasema hivyo hivyo.

Gari ya mbio haijaribiwi kwa kuibembeleza. Unaipiga. Unaikaba klachi mpaka inuke harufu ya kuungua. Unaipandisha tuta bila kupunguza, usikie springi zikilia kama mbuzi anayeshikwa miguu. Unakanyaga breki kwa ghafla barabarani Tunguu, na mteja aliye pembeni yako akigonga kichwa kwenye kioo, umeshajua kwamba breki ni nzima na mkanda wa kiti ni mbovu. Mimi huvua viatu. Mguu mtupu unasikia gari inasema nini.

Dalali mwenzangu wa Chukwani hakubaliani na njia hii. Babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu na nyumba mbili Mji Mkongwe. Yeye ana simu mbili na kanzu zisizoona doa. Anauza gari kwa maneno laini. Tumekuwa maadui wazuri kwa muda mrefu, wa kusalimiana msikitini na kutukanana nje.

Basi, meli moja ilituletea gari mbili. Yangu nyeupe, yake nyekundu. Mwenye hoteli mmoja wa Jambiani alitupigia simu sote wawili, akasema anataka moja tu, na tutakayomwambia sisi wawili kwa kauli moja kwamba ndiyo bora, hiyo ataichukua. Kauli moja kati yangu na yule mtu. Tukakubaliana tuzijaribu zote, njia moja, asubuhi moja, kila mmoja akae pembeni ya mwenzake.

Tulianza na nyekundu, yeye akiendesha. Siwezi kuisingizia: ile gari ilikuwa na ngumi. Ilikuwa na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na tabo ikishika inakupiga kifuani na kukubandika kitini. Lakini kabla ya kushika inakaa kimya kidogo, kama mtu anayefikiri atakutukana nini. Usukani mwepesi mno. Nyeupe yangu haina tabo, yenyewe inataka kulazimishwa. Uivute mpaka sindano ifike kule juu kwenye mstari mwekundu, hapo inapiga ukelele na kwenda kama imechomwa mshipa. Usukani wake mzito, unakwambia kila kijiwe. Kwa barabara iliyonyooka, nyekundu. Kwa kona, nyeupe. Hivyo ndivyo nilivyoona, na mpaka leo sijabadili.

Kuna kona moja mbele ya Kitogani, kabla ya Paje. Inapinda kulia, ndefu, halafu inajibana ghafla pale ambapo umeshaamini imekwisha. Upande wa kushoto pana ukuta wa mawe makali ya matumbawe. Dalali alipofika pale na nyekundu aliinua mguu kwenye pedeli ya mafuta, akagusa na breki. Nilicheka mpaka Paje.

Tuliporudi Kiembe Samaki, kabla ya zamu ya nyeupe, tulikaa kwenye barza ya kahawa iliyo mkabala na yadi yangu. Watu walikuwa wengi, wanataka kujua.

"Ile kona haipigwi bila ya kuinua mguu," dalali akawaambia. "Si mimi, si yeye, si huyo Mjapani aliyeiunda."

"Mguu wako umezoea makubadhi," nikamwambia. "Ndiyo maana unateleza."

Watu wakacheka. Yeye akakifuta kikombe chake kwa kidole, taratibu.

"Na wako umezoea nini? Babako si ndiye aliyekuwa akibeba magunia bandarini? Mlitoka bara na mabega tu."

Nilimpiga ya mdomo. Sikusimama, nilimpiga vile vile nilivyokaa, na kichwa chake kikaenda kugonga nguzo. Akainuka na kahawa ya moto mkononi akanimwagia shingoni. Kovu lipo, linaonekana nikivaa fulana. Nikamkamata kanzu, ikachanika kutoka shingoni mpaka kitovuni. Watu wanne walitutenganisha, na mmoja wao alipata kiwiko changu cha jicho kwa kheri yake.

Dalali alitema damu. "Basi apa," akasema. "Wacha kupiga watu. Apa kwamba utaipita bila ya kuinua."

Nikaapa. Nilikuwa na dunia nzima ya kuapia. Ningeapa kwa yadi. Ningeapa kwa macho yangu.

"Wallahi," nikasema, "nikiinua mguu kwenye kona ile, mke wangu kaachika."

Muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Mzee mmoja akanishika goti. "Lirudishe neno hilo, mwanangu." Lakini neno la talaka halirudi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Kila mtu pale alijua pia jambo la pili: mke wangu nilikuwa nimeshamwacha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya funguo za gari zilizopotea, ambazo nilikuja kuziona mfukoni mwangu. Mara ya pili kwa sababu alinijibu mbele ya wageni. Mara zote mbili nilipiga kwanza, nikaacha baadaye, nikamrejea kabla eda haijaisha. Ya tatu haina kurejea. Na huyu ndiye mwanamke aliyekaanga vitumbua miaka miwili mpaka nikanunua jeki yangu ya kwanza.

Nilivua viatu nikaingia kwenye nyeupe. Dalali akaingia pembeni yangu, kanzu imechanika, kitambaa mdomoni, kwa sababu yeye ndiye aliyetakiwa kuutazama mguu.

Maneno mjini yana mbio kuliko tabo. Hatujafika Tunguu simu yangu inalia.

"Simu yako," dalali akasema.

"Naisikia."

"Ndiye mkeo?"

"Ndiye."

Ikakatika, ikalia tena. Tulipita msitu wa Jozani, na kwenye matuta ya kuwalinda kima sikupunguza hata moja. Kichwa cha dalali kiligonga paa mara tatu. Kitogani akaniambia kwa sauti ya chini, si sauti yake ya kuuzia gari: "Turudi. Mimi ntawaambia umepita. Nani atajua?"

"Funga mkanda."

"Nshafunga. Nnakwambia turudi, bwana. Bibi wa watu hana kosa."

Nilishusha gia ya tatu, nikaivuta nyeupe mpaka ikapiga kelele. Kona ikafunguka mbele yetu. Nikaingia nayo vizuri kuliko nilivyowahi kuingia kona yoyote maishani, tairi za mbele zinaila lami, usukani unanitetemekea mikononi, na nikasema moyoni, nimeipata. Halafu ikajibana.

Vigari hivi vifupi vina tabia moja. Ukivipiga kona kwa nguvu huku umekanyaga, uzito unakaa nyuma na tairi za nyuma zinashika. Ukiinua mguu katikati ya kona, hata kidogo, uzito unaruka mbele, na mkia unatoka kuja kukutafuta. Hautoki wenyewe. Huitwa.

Mkia ulitoka. Niliuona ukuta ukija kwenye kioo cha pembeni, mahali ambapo ukuta haukutakiwa kuwepo. Tukazunguka. Ndama alikuwa kafungwa kwa kamba kando ya barabara, na ubavu wa nyuma ukampiga, nikasikia mifupa yake kabla ya kusikia yangu. Kisha mawe. Kioo kilinimwagikia usoni. Mlango wa dalali uliingia ndani na bega lake likavunjika mbele ya macho yangu, likashuka kama rafu iliyong'oka msumari.

Gari ikasimama. Bomba la maji linapuliza moshi. Ndama analia.

Mwenye ndama alikuja mbio kutoka shamba na fimbo. Alinitoa garini kwa ukosi na kunichapa mgongoni, kichwani, popote, na mimi ambaye sijawahi kupigwa bila kurudisha tangu nitoke kwa fundi, nilisimama nikapigwa. Alipochoka akatoa kisu kiunoni akanipa. "Umemuua nusu," akasema. "Mmalize kwa bismillahi, nyama isiharamike." Nilimlaza ndama kuelekea kibla nikamchinja. Damu ilipita baina ya vidole vya miguu yangu, ya moto.

Dalali alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu, anashikilia mkono wake. Watu wa pale walikuwa wameshakusanyika.

"Hakuinua," akawaambia, hakuna aliyemuuliza. "Mimi shahidi. Mguu ulikuwa chini mpaka mwisho. Pana mchanga kwenye lami."

Akanitazama. Alikuwa amefumba macho tangu kona inaanza, nilimwona kwa pembe ya jicho. Lakini alisema, na alilisema tena hospitali, na watu wa barza walipokuja kuniona walinipiga mabegani juu ya alama za fimbo wakisema mwanamume kapita bila ya kuinua. Habari ilifika mtaani kabla yangu. Kwa watu wote, nilikuwa nimeshinda.

Nilifika nyumbani baada ya laasiri, shati gumu kwa damu ya ndama. Mke wangu alikuwa amekaa uani juu ya mkeka, simu imewekwa mbele yake kifudifudi. Hakuwa amepika.

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Uliinua?"

"Dalali kashuhudia kwamba sikuinua. Muulize."

"Dalali simjui mimi. Nakuuliza wewe mwenye mguu."

Mkono wangu ulijikunja. Sitaki kuuficha: ulijikunja ngumi wenyewe, kama ulivyozoea, na yeye aliuona ukijikunja na hakurudi nyuma hata kidogo. Aliuangalia tu, kama mtu anayeangalia mbwa wa jirani anayemjua. Nikaupiga ukuta. Nikaupiga tena mpaka kitu kikakatika kwenye kidole cha mwisho na chokaa ikaingia rangi nyekundu. Ukuta huo niliujenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na ulikuwa imara.

Nimeshadanganya watu wengi. Nimerudisha nyuma namba za kilomita, nimepaka rangi kutu, nimeapa kwamba gari haijawahi kugongwa wakati niliinyoosha mimi mwenyewe. Ningeweza kusema "sikuinua" na kuoga na kula. Lakini huyu angelala ubavuni mwangu kila siku, naye si mke wangu tena, yeye hajui na mimi najua. Dhambi hiyo ningembebesha bila ya kumwambia uzito wake. Kumpiga nilimpiga. Hilo sikuweza.

"Niliinua," nikasema.

 Halafu akanipa mlango wa kutokea, na mpaka leo sijui kwa nini alinipa. "Kwa ajili ya yule ndama?"

Ningesema ndiyo. Talaka ingekuwa imepita vile vile, lakini ningetoka na jina. Mtu aliyempoteza mkewe kwa kumwonea huruma mnyama. Watu wangelipenda.

"Ndama nilimwona baadaye," nikamwambia. "Niliinua kabla. Niliogopa."

 Nadhani katika miaka yetu yote hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Kisha akavuta kanga iliyokuwa mabegani mwake, akajifunika nywele, akaipitisha chini ya kidevu na kuishika, kama anavyofanya akiingia mtu wa kuja kusoma mita ya umeme.

"Toka sasa," akasema, bila ya kugomba. "Si halali wewe kuniona hivi."

Shekhe niliyemwendea hakunipa njia. Aliuliza maneno niliyotamka, neno kwa neno, nikamtamkia, akainamisha kichwa. Nyumba nilimwachia akae eda yake, na sikuichukua tena. Dalali alipotoka hospitali tulimpigia simu mwenye hoteli, tukamwambia kwa kauli moja kwamba nyekundu ndiyo bora, kwa sababu nyeupe haikuwepo tena. Niliona dalali anataka kusema kitu. Nikamwambia asiseme.

Kila Ijumaa, eda ilipokuwa haijaisha, nilikuwa nikipeleka mchele, mafuta na samaki. Nilisimama nje ya mlango ambao niliuchagua mwenyewe kwa seremala, mninga mtupu, nikapiga hodi kwa mkono wenye kidole kilichofungwa. Ndani sauti ilikuwa ikiuliza, "Nani?" Nami nilikuwa nikitaja jina langu, na la baba yangu, kama anavyofanya mgeni.