Mistari Kumi ya Chaki

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, bado inanichemsha damu, na jana ulipotupa vipande vya mbao motoni huku ukicheka, ilinirudia yote. Kaa usikie.

Ilikuwa wakati wa vita, hapa Buyenzi. Barabara hazipitiki, mbao adimu kuliko nyama. Fundi aliyenifundisha kazi, Mzee Sudi, hakutupa kitu. Vipande vyenye urefu wa hatua moja alivipanga nyuma ya mlango wa ateliye, karakana yetu, na kwa kila kimoja alichora mstari wa chaki mlangoni. Kikitoka, mstari unafutwa. Havikuuzwa hivyo. Vilikuwa vya kufunika mwanandani kaburini, udongo usiwaangukie maiti wa mtaa wetu.

Mimi nilikuwa kijana wa kuoa, kichwa kikubwa. Huku najitengenezea kitanda cha harusi, nilivimaliza kimoja kimoja kwa kuchomea burusheti, mishikaki ya nyama. Mistari sikuifuta. Nani angehesabu?

Akafa Mama Zaituni, jirani aliyetulisha siku ambazo kazi haikuwepo. Mwanawe akaja mbio, kaburi limeshachimbwa. Mzee akatazama mlango.

“Usiogope, mutoto yangu. Iko kumi.”

Akauvuta mlango. Nyuma yake palikuwa na vumbi tu.

Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alinitupia msumeno.

“We umekula mbao za maiti. Leta kitanda yako.”

“Mzee, mi naoa Ijumaa.”

“Na huyu anazikwa leo. Kata!”

Nikazikata chaga kumi za kitanda changu, moja baada ya nyingine, mwana wa marehemu akizipokea bila kunitazama usoni. Ijumaa mke wangu alilala mkekani. Hajaacha kunisema mpaka leo, na ana haki.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi huyu mjukuu nimemlea miaka mingi. Sitaki akuhamie wewe! Kabla ya kukata ubao mrefu, tafuta mfupi. Ukiharibu, futa mstari wako siku ileile. Kuharibu mbao ni kosa la mkono, lakini kuacha alama inayodanganya ni kumwibia mtu ambaye bado hajafika mlangoni. Akiba haiozi, wanasema. Kweli, haiozi, ila mikononi mwa mpumbavu inaungua.

Haya, chukua chaki. Mungu aibariki mikono yako, akupe umri mrefu, na siku yako ikifika, mbao zako ziwepo. Amina.