Jina la Babu na Nyumba ya Mama

Mama yangu halitamki jina la baba mkwe wake. Ameolewa miaka zaidi ya arobaini, baba mkwe mwenyewe amelala kaburini kwake kijijini Isansa tangu mimi niko shule ya msingi, na bado jina lile halijatoka kinywani mwa mama. Kwa wazee wa kwetu hiyo ndiyo heshima ya mwanamke aliyeolewa, mkwe hatajwi. Alipokuwa bibi arusi mpya aliteleza mara moja, akalitaja katikati ya hadithi za shambani, na baba mkubwa, kaka yake baba, akamtoza jogoo. Jogoo alichinjwa siku hiyohiyo na baba mkubwa akala paja. Mama akafunga mdomo moja kwa moja.

Shida ilikuja mdogo wangu wa kiume alipozaliwa, maana alipewa jina hilohilo la babu. Mama akawa anamwita Mkwe. Mkwe, njoo uoge. Mkwe, nani kamwaga maziwa? Hata alipomchapa, alimchapa kwa heshima zake zote. Jirani mmoja aliyehamia mtaani alikaa mwezi mzima akijiuliza huyu mtoto wa miaka minne amemwoa nani.

Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba jina la mama yangu liko kwenye karatasi za nyumba, tena juu ya la baba, hudhani mama ni mwanaharakati. Mama si mwanaharakati. Mama anauza maharage.

Nyumba yenyewe iko Tunduma, juu kidogo ya barabara ambako malori hupanga foleni kwenda Zambia. Baba alikuwa akiziba pancha za malori hayo, mama alikuwa na meza yake ya maharage na mchele sokoni. Walianza na chumba kimoja. Tofali zilifyatuliwa palepale kiwanjani, na maji ya kufyatulia aliyabeba mama kichwani akiwa na mimba yangu, kwa hiyo na mimi nina jasho langu pale. Baba hajawahi kulikana hilo. Akikaa na wageni husema nyumba hii tumejenga wawili. Lakini hayo yalikuwa maneno ya sebuleni. Kwenye karatasi ya kununulia kiwanja kulikuwa na jina moja, la baba, na mashahidi walikuwa ndugu zake watupu.

Karatasi hiyo ilimnyima mama raha miaka yote. Yeye ni wa Ileje, na babu mzaa mama alipofariki, ndugu wa babu huyo walisubiri matanga yaishe, kisha wakapanda juu ya nyumba na kuezua bati. Walisema bati ni la ukoo. Bibi akarudi kwa kaka yake na watoto watano, na mama, akiwa na miaka kumi, alibeba masufuria. Mvua ilikuwa inanyesha. Mama alitusimulia jambo hilo mara mbili tu, na mara zote mbili aliacha kazi aliyokuwa anaifanya, akakaa chini.

Mimi nina hasira za karibu, nakiri. Nimewahi kumwambia baba waziwazi kwamba akitangulia yeye, mama atatolewa na baba mkubwa kabla chai ya msiba haijapoa. Baba alijibu kwamba nisimwombee kifo. Nikasema simwombei, naulizia nyumba. Hapo akakumbuka kwamba ana tairi la kuangalia. Baba hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alimwogopa kaka yake, basi, kama wengine wanavyoogopa mbwa, ingawa alikuwa na mvi tayari.

Ndipo wapima wakaingia mtaani. Ulikuwa urasimishaji wa makazi, kila kiwanja kinapimwa, mawe ya mipaka yanachimbiwa, majirani wanakubaliana, na mwenye nyumba anaandikwa jina ili baadaye apate hati. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwa kipaza sauti wiki nzima. Na baba yangu, aliyesikia matangazo yote, akaondoka kwenda kijijini Mbangala kutafuta ufuta wa bei nzuri, kwa sababu aliamini kazi ya serikali haianzi siku iliyotangazwa.

Ilianza siku iliyotangazwa. Mimi sikuwepo asubuhi hiyo, nilikuwa kwangu. Yaliyotokea nimeyapata kwa mama, kwa jirani yetu mwenye duka la vipuri, na kwa binti aliyekuja na wapima kuandika, na nimeyapatanisha kadiri nilivyoweza.

Binti huyo alikuwa mgeni, ametoka mikoa ya huko mbali, anaandika majina. Akauliza mwenye nyumba ni nani. Mama akamtajia jina la kwanza la mume wake, vizuri kabisa. Binti akaandika, akauliza la pili. Mama akarekebisha kitenge chake. Binti akauliza tena. Mama akasema hilo silitaji.

Binti akadhani kuna kesi. Akauliza kwa upole kama mzee amefungwa, au ni mtu wa upande wa pili wa mpaka. Mama akasema hapana, yuko Mbangala, ila jina lake la pili ni la mkwe wangu, na mkwe hatajwi. Binti akaomba basi la tatu. Mama akasema la tatu ni la baba yake mkwe, hilo ndilo halitajwi kabisa. Wakamgeukia jirani. Jirani wa watu, aliyetoka Tanga na kukaa na sisi miaka kumi na tano, aliona aibu kusema kwamba yeye humjua baba kwa jina la Mzee Pancha tu. Binti akasema hawezi kuandika Mzee Pancha kwenye karatasi za ardhi.

Nyuma yao nyumba thelathini zinasubiri na jua linapanda. Binti akauliza swali ambalo nadhani aliuliza kwa kuchoka tu: "Mama, hapa hakuna mwenye nyumba mwingine?"

Mama akasema, "Nipo mimi."

Majina yake matatu aliyataja pasipo kumeza mate. Binti akafuta alichoandika, akamwandika mama, akampiga picha, akampaka wino kidoleni, jirani akasaini kukubali mpaka, wakaenda nyumba ya pili.

Baba aliporudi, orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Alikwenda kulitafuta jina lake kwa kidole, kuanzia juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Badala ya kumwuliza mkewe, baba yangu alifanya kosa ambalo nililijutia mimi kuliko yeye. Kwa mshtuko alimpigia simu kaka yake.

Baba mkubwa alifika kesho yake asubuhi kutoka Isansa akiwa amevaa koti la suti, na mama mkubwa, mke wake, nyuma yake amebeba kuku. Kikao kikakaa sebuleni. Mimi nilijiita mwenyewe na hakuna aliyethubutu kunitoa. Mama mkubwa alikaa mkekani, karibu na mlango, akichambua maharage ya mama bila kuombwa.

Baba mkubwa alizungumza muda mrefu. Alisema nyumba ni ya ukoo na mwanamke ni mgeni ndani ya ukoo. Alisema ndugu yake amelishwa kitu, maana mwanaume mwenye akili zake hawezi kusafiri na kurudi akute ni mpangaji. Alisema kesho mama akifiwa ataolewa na mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na huyo mtu wa Nakonde atalala chini ya bati letu akikoroma. Hapo mama, mwenye miaka sitini na mbili na magoti mabovu, alishindwa kuzuia kicheko, nami nikakohoa kumfichia.

Kisha baba mkubwa akamgeukia, akamtaka aeleze kwa nini aliandikisha nyumba ya mume kwa jina lake.

Mama akapiga magoti kwanza, kama anavyopaswa. Magoti yalilia. Akaeleza kwamba aliulizwa jina la marehemu mkwe wake mbele ya watu wa serikali na majirani, na yeye ni mke wa ukoo huu, hakufundishwa kulitamka.

"Shemeji," akasema, "ulitaka nilitaje?"

Swali hilo nililifurahia sana, na siombi radhi. Baba mkubwa akafungua vifungo vya koti. Angesema ndiyo, angekuwa amemruhusu shemeji yake amtaje baba yake mzazi hadharani, yeye aliyekula paja la jogoo kwa kosa hilohilo. Angesema hapana, basi kikao kimekwisha. Alijaribu njia ya katikati, akasema mama angelizunguka jina lile. Mama akasema alilizunguka, na alipomaliza kuzunguka alijikuta kwenye jina lake mwenyewe.

Lakini baba mkubwa hakuwa mjinga. Alinywa chai, akafikiri, akaweka kikombe chini. Akasema serikali ya siku hizi haihitaji mtu atamke, inasoma vitambulisho. Kama kitambulisho cha mwenye nyumba kilikuwepo hapa siku ile, basi mama angekitoa tu na kunyamaza, na hili ni hila. Akamwuliza baba kitambulisho chake kilikuwa wapi.

Mimi nilijua kilikuwa wapi. Mchana wa siku ile ya wapima nilipita nyumbani nikafungua kabati kutafuta sukari, na kitambulisho cha baba kilikuwa kwenye glasi, kimesimama, picha yake inanitazama. Nilikuwa sijamwambia mtu. Sasa nikamtazama mama, bado yuko chini kwenye magoti, na mama alikuwa anaangalia sakafu, hakutaka kukutana na macho yangu. Nikaelewa kwamba alijua kilipo, siku ile na sasa. Nikaelewa pia kwamba jibu la baba ndilo litakaloamua kama mwanamke huyu ataondoka siku moja na masufuria yake.

Baba alijikuna kidevu. Hajawahi kumdanganya kaka yake tangu utoto, hata alipoiba miwa.

"Nilikuwa nacho Mbangala," akasema. "Mfukoni."

Baba mkubwa akamkazia macho. Baba naye akamkazia, na hilo lilikuwa jipya kuliko uongo wenyewe. Kisha akaongeza kwamba maji ya tofali za nyumba hii yalibebwa na huyu, na kaka anajua, kwa sababu alikuja siku moja kusaidia na akalala kivulini. Baba mkubwa akasema alikuwa na malaria. Baba akasema sawa, malaria.

Kuku aliyeletwa aliliwa mchana huo, maana kikao kikishindwa kuku hana kosa. Baba mkubwa alikula kimya, na jioni walipanda Noah ya abiria kurudi Isansa.

Wiki hiyo nilikwenda na wazazi wangu ofisini kwa wapima. Baba alitaka jina lake liingie pia, chini ya la mama, na mama alikubali. Yule binti alifurahi kupata hatimaye majina matatu ya mzee, kwa kinywa cha mzee. Kisha akaeleza kwamba mke na mume wanaweza kumiliki kwa namna mbili. Kwa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na akifariki fungu linakwenda kwa warithi wake, wataitana na kugawana. Kwa pamoja, mmoja akifariki, nyumba yote inabaki kwa yule aliye hai.

Mama akaomba arudie hiyo ya pili. Binti akarudia. Mama akauliza, ndugu wakija? Binti akasema watakuja kumpa pole. Mama akaomba arudie tena kuanzia mwanzo, na mara hii alijifuta uso kwa kitenge cha begani, hakujificha. Mimi pia nililia, na nililia kwa hasira, kwa sababu ya bibi wa Ileje, ambaye hakuwahi kuelezwa na mtu hata mara moja.

"Andika ya pamoja, mwanangu," baba akamwambia binti, "kabla hujalazimika kuieleza mara ya nne."

Miezi miwili baadaye simu yangu iliita, na ilikuwa mama mkubwa wa Isansa, ambaye hanipigii kamwe. Aliuliza hali, akauliza watoto, akauliza bei ya mahindi Tunduma. Niliposhindwa kuvumilia nikamwuliza kuna nini. Akashusha sauti. Alisikia kanisani kwamba wapima wa hati za kimila za ardhi wataanza kupita vijijini, akataka nimwulizie watafika kwao siku gani hasa.

Nikamwuliza siku ya nini, mama mkubwa.

"Nijue siku ya kumtuma baba yako mkubwa mjini Vwawa," akasema. "Na mimi mkwe wangu simtaji."

Nikamwambia nitauliza. Nilikwenda siku hiyohiyo.